Ndoa za Uzeeni Mbele ya Kamera: Kutoka Santa Barbara Hadi La Quinta



Tarehe 4 Januari 2024, katika mji wa La Quinta, jimbo la California, Gerry Turner mwenye umri wa miaka 72 alimuoa Theresa Nist mwenye miaka 70. Bwana ni mgane, bibi ni mjane. Harusi yao ilirushwa moja kwa moja na kituo cha televisheni cha ABC kwa muda wa saa mbili. Tarehe 12 Aprili ya mwaka huo huo, yaani siku 99 baadaye, wawili hao walikaa tena mbele ya kamera za ABC wakatangaza kwamba wanaachana.

Huenda msomaji akauliza: yanatuhusu nini sisi haya ya Wamarekani? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, vipindi hivi vinaingia majumbani mwetu kwa madishi na kwa simu, na watoto wetu wanajifunza humo namna watu wanavyotafutana. Pili, na hili ndilo kubwa, katika familia zetu kuanzia Buyenzi mpaka Mombasa wako wazee waliofiwa au kuachika ambao wamekaa peke yao miaka mingi, na hakuna anayethubutu kuwauliza kama wangependa kuoa au kuolewa tena. Televisheni ya Marekani imeliuliza swali hilo hadharani. Jibu ililopata lina mafunzo, kwa hiyo tuifuatilie historia hii tangu mwanzo wake.

Familia ya kwanza

Kuwarekodi watu wa kawaida bila kuwapa maneno ya kuigiza ni jambo la zamani. Kipindi cha Candid Camera cha Allen Funt kilianza mwaka 1948, kikiwachezea watu shere huku kamera imefichwa. Lakini kipindi ambacho wengi hukihesabu kuwa baba wa vipindi vya maisha halisi ni An American Family, kilichoonyeshwa na mtandao wa umma wa PBS mwaka 1973. Mtayarishaji wake, Craig Gilbert, aliwapeleka wapiga picha katika nyumba ya Bill na Pat Loud, wakaazi wa Santa Barbara, California, waliokuwa na watoto watano. Walirekodiwa kwa miezi kadhaa ya mwaka 1971, na mamia ya saa za filamu yakapunguzwa yakawa sehemu 12.

Ilikuwa watazamaji waione familia ya Kimarekani yenye neema, nyumba nzuri na bwawa la kuogelea. Walichokiona ni ndoa ya miaka zaidi ya 20 ikivunjika. Katika kipindi hicho Bi Pat alimwambia mumewe, kamera ikiwa inazunguka, kwamba anataka talaka na aondoke nyumbani. Mamilioni ya watu walitazama, na magazeti yakaichambua familia hiyo kwa ukali.

Basi tuliweke hilo akilini: televisheni ya aina hii ilianza umaarufu wake kwa kuvunjika kwa ndoa ya watu wazima. Habari za Bill na Pat hazikuishia hapo, na tutazirudia baadaye.

Zama za vijana

Wakati huo huo ilikuwako biashara nyingine, ile ya kuunganisha wachumba. Mwaka 1965 ABC ilianzisha The Dating Game, kazi ya Chuck Barris, ambapo msichana aliwauliza maswali wanaume watatu asiowaona, kisha akamchagua mmoja. Uingereza ilipata Blind Date mwaka 1985, kikiongozwa na mwimbaji Cilla Black, kikadumu hadi 2003. Vilikuwa vipindi vya vichekesho. Zawadi ilikuwa matembezi ya siku chache, na mara chache sana jambo lilifika kwenye ndoa.

Mwaka 2000 mambo yakabadilika. Kituo cha Fox kilionyesha Februari ya mwaka huo kipindi ambacho wanawake 50 walishindania kuolewa na mwanamme aliyetambulishwa kuwa ni milionea, na ndoa ikafungwa usiku ule ule. Siku chache tu baadaye ikafichuka kwamba huko nyuma mwanamke aliyewahi kuchumbiana na bwana huyo alikwenda mahakamani kuomba amri ya kumzuia asimkaribie. Ndoa ikabatilishwa baada ya wiki chache. Mtu alitafutiwa mke mbele ya taifa zima, na hakuna aliyekwenda kwa jirani zake kuuliza habari zake!

Mtu aliyebuni kipindi hicho, Mike Fleiss, hakukata tamaa. Mwaka 2002 alirudi na The Bachelor kupitia ABC: kapera mmoja, wanawake 25, na kila wiki baadhi yao wanarudishwa kwao mpaka abaki mmoja. Mwaka 2003 likafuata toleo la wanawake, The Bachelorette, na Trista Rehn aliyekuwa wa kwanza humo akaolewa na Ryan Sutter mwezi Disemba mwaka huo huo, ndoa iliyodumu kwa zaidi ya miongo miwili. Lakini hao ni wachache. Wachumba wengi waliotoka humo waliachana kabla hata ya harusi.

Huku kwetu nako mlango ulifunguliwa mwaka 2003 kwa Big Brother Africa, kilichowaweka ndani ya nyumba moja washiriki 12 kutoka nchi 12, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Bunge la Malawi lilipiga kura kukizuia kisionyeshwe, na mahakama ya huko ikaliondoa zuio hilo. Wazee wetu wengi walilijua neno "rialiti" kwa mara ya kwanza kutokana na kelele za mwaka ule.

Katika miaka yote hiyo, washiriki wa vipindi vya uchumba walikuwa ni vijana. Mtu wa miaka 35 alionekana mkubwa. Mtu wa miaka 65 alikuwa mtazamaji tu.

Kwa nini wazee wakakumbukwa

Sababu ziko kadhaa, na si zote za huruma.

Ya kwanza ni umri wa watazamaji. Vijana wa Marekani walihamia kwenye intaneti na simu, na waliobaki mbele ya televisheni ya kawaida ni watu wazima. Mfanyabiashara huuza kinachopendwa na mteja aliyebaki dukani.

Ya pili ni mabadiliko ya jamii yenyewe. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, na talaka za uzeeni zimeongezeka. Watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mwaka 1990 chini ya mtu mmoja katika kila kumi waliotalikiana ndiye aliyekuwa na miaka 50 au zaidi. Ilipofika 2010 ilikuwa ni karibu mmoja katika kila wanne. Wapo basi maelfu ya watu wenye wajukuu ambao wako peke yao, wana afya, na wanaweza kutarajia miaka 20 mingine ya maisha.

Ya tatu ni sadfa ya kazi. ABC ilitangaza kuwatafuta washiriki wazee tangu Januari 2020, kisha ugonjwa wa UVIKO-19 ukasimamisha mengi. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na waigizaji wa Hollywood waligoma kwa miezi kadhaa, tamthilia zikakosekana, na vituo vikahitaji vipindi visivyokuwa na mwandishi wala mwigizaji. Wazee wakapata nafasi.

Kapera wa Dhahabu

The Golden Bachelor, yaani Kapera wa Dhahabu, kilianza tarehe 28 Septemba 2023. Turner alikuwa mwenye mgahawa aliyestaafu, mkaazi wa Hudson, jimbo la Indiana. Mkewe Toni, ambaye walijuana tangu wakiwa wanafunzi, alifariki ghafla mwaka 2017 baada ya ndoa ya miaka 43, muda mfupi tu baada ya kununua nyumba kando ya ziwa ambayo walipanga waizeekee. Waliokuja kumshindania ni wanawake 22 wenye miaka baina ya 60 na 75. Bi Nist, kutoka New Jersey, naye alikuwa amefiwa na mume aliyekaa naye zaidi ya miaka 40.

Watu wengi, wakiwemo wasiopenda vipindi hivi, walikiri kwamba safari hii waliona jambo jingine. Wanawake wale walizungumza juu ya kufiwa, juu ya maradhi, juu ya nyumba iliyokuwa na kelele za watoto kisha ikanyamaza. Walipendana wao kwa wao kuliko vijana wa vipindi vya nyuma. Kwa mara ya kwanza mamilioni waliambiwa wazi kwamba mtu wa miaka 70 bado ana moyo, na bado anahitaji mwenza wa kumwambia "umelala vipi?" asubuhi.

Lakini umbo la kipindi lilibaki lile lile la vijana: wanawake wengi, mwanamme mmoja, wiki chache za kurekodi, safari na mandhari nzuri, pete mwishoni. Hapo ndipo penye tatizo. Kijana wa miaka 25 akioa anaweza kuhama, kwa sababu maisha yake ni begi moja. Mzee wa miaka 72 ana mizizi. Turner alikuwa na mabinti na wajukuu Indiana. Nist alikuwa na watoto na wajukuu New Jersey, mamia ya kilomita kutoka hapo. Walipotangaza kuachana walieleza kwamba walitembelea nyumba kadhaa, zikiwemo za South Carolina na New Jersey, wakashindwa kukubaliana wapi wataishi, na kwamba kila mmoja aliona familia yake ndiyo ya kwanza. Mwezi Disemba 2024 Turner alieleza pia kuwa alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya uboho isiyotibika, ingawa huenda polepole, na kuwa jambo hilo lilimzidishia hamu ya kuwa karibu na watu wake.

Tusiwacheke, ndugu zangu. Waliyoshindwa ni mambo yale yale ambayo yangemshinda mzee yeyote: makaazi, wajukuu, maradhi. Swali letu liwe: mbona mambo haya hayakuulizwa kabla ya pete?

Waliofuata

Mwezi Septemba 2024 ilikuwa zamu ya mwanamke. Joan Vassos, mjane wa miaka 61 kutoka Maryland, aliyempoteza mumewe kwa saratani mwaka 2021, alikuwa mmoja wa wale 22 wa mwanzo, akaondoka mapema kwa sababu binti yake aliyekuwa amejifungua alimhitaji. Mama huyo alipopewa The Golden Bachelorette yake mwenyewe walikuja wanaume 24, na akamchagua Chock Chapple wa Kansas. Hawa, baada ya kuona yaliyowapata wenzao, walisema hadharani kwamba hawana haraka ya harusi, na kwamba kila mmoja ataendelea kuwa karibu na watoto wake huku wakitafuta mahali pa pamoja. Maneno hayo hayana mvuto wa televisheni, lakini yana akili.

Mwaka 2025 likaja toleo la pili la wanaume, na Mel Owens, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyegeuka mwanasheria, akiwa na miaka 66. Kabla kipindi hakijaanza alinukuliwa akisema angependelea wanawake wa miaka 45 hadi 60. Wengi walikasirika, naye akaomba radhi. Tukio hilo dogo lilifichua jambo kubwa: hata katika kipindi cha wazee, mwanamke ndiye anayeambiwa kwamba amepitwa na wakati.

Vipindi vingine vilijaribu njia tofauti. Uingereza, mwaka 2023, kituo cha ITV kilionyesha My Mum, Your Dad, ambapo watoto wakubwa ndio wanaowapeleka mama au baba zao wasio na wenza, kisha wanawatazama kwa siri kutoka chumba kingine. Netflix ilitoa The Later Daters mwishoni mwa 2024, Michelle Obama akiwa miongoni mwa watayarishaji wakuu. Hapa hakuna mashindano wala pete ya lazima, ila watu wazima wanakutana mmoja mmoja na kupewa ushauri.

Kazi ya mshenga

Ukiitazama historia hii kwa makini utaona kwamba televisheni imechukua kazi ya mshenga, lakini imechukua nusu yake tu. Imechukua ile nusu ya kukutanisha, ikaiacha ile ya kuulizia kabla na kusuluhisha baadaye. Mshenga wetu huuliza: anaishi wapi, na nani, ana madeni, aliachana vipi na wa kwanza, watoto wake wanasemaje? Ndoa ikiyumba, yeye ndiye wa kwanza kugongewa mlango. Kamera ikizimwa haigongewi.

Na kuhusu ndoa ya mtu aliyekwisha kuoa au kuolewa, sisi Waislamu hatukuhitaji kungoja mwaka 2023. Bi Khadija (r.a.) alikuwa mjane, mfanyabiashara mwenye heshima zake Makka, na kwa riwaya iliyo mashuhuri alikuwa na miaka 40 alipoolewa na Mtume (s.a.w.), naye akiwa na miaka 25. Hakujitokeza hadharani wala hakukaa kusubiri. Kwanza alimjua kwa kazi na uaminifu wake, kisha akamtuma Nafisa bint Munya kwenda kumchunguza na kumfikishia neno. Ndoa hiyo ilidumu kiasi cha miaka 25, mpaka alipofariki. Na alipofariki, ni mwanamke mwingine, Khawla bint Hakim, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) na kumtajia Bi Sawda bint Zam'a, mtu mzima, mjane wa Sakran bin Amr ambaye alikuwa miongoni mwa waliohamia Uhabeshi. Kwa hiyo kumtafutia mwenza mtu aliyefiwa ilikuwa ni kazi ya heshima iliyofanywa na watu wanaomjali.

Sheria nayo imepanga mambo. Mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, kisha yuko huru. Mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi ila kwa idhini yake ya kutamka. Basi nani aliyetuwekea ile eda ya miaka 20 tunayowalazimisha mama zetu?

Hofu ya watoto

Tuseme ukweli: mara nyingi wanaozuia ni watoto. Wengine wanaona haya. Wengine wanahofia mali. Hofu ya mali si ya kwetu tu. Marekani kwenyewe, mjane akiolewa kabla ya kutimiza miaka 60 hupoteza fungu la pensheni ya marehemu mumewe, na wapo wanaohesabu miezi kwa sababu hiyo.

Kwetu mafungu ya mirathi yanajulikana. Mume akifa na ana watoto, mke ana thumni. Kama hana watoto, ana robo. Mke akifa na ana watoto, mume ana robo. Kama hana, ana nusu. Mwenye kutaka kuwapa watoto wake zawadi akiwa hai, kwa uadilifu, anaweza, na wasia kwa wasiokuwa warithi una mpaka wake wa thuluthi. Yakizungumzwa haya mapema, mbele ya watu wazima wa familia, hofu nyingi huondoka. Kinachogombanisha ni kunyamaza, halafu mambo kujulikana siku ya msiba.

Na makaazi pia yazungumzwe mapema. Mama ahame amfuate mume mji mwingine aache wajukuu? Mume ahamie kwa mama? Au waishi huku na huku? Hayo ndiyo yaliyowashinda wazee wawili wenye fedha na umaarufu ndani ya siku 99.

Mwisho wa Bill na Pat

Sasa turudi Santa Barbara. Baada ya talaka yao iliyotazamwa na taifa zima, Bill na Pat Loud kila mmoja alishika njia yake, na Pat akaenda kufanya kazi New York. Miaka karibu 30 ikapita. Mtoto wao mkubwa, Lance, akaugua, akafariki Disemba 2001 akiwa na miaka 50. Kabla ya kufa aliomba jambo moja: angependa wazazi wake warudiane. Nao wakarudi kuishi nyumba moja, na wakabaki pamoja mpaka Bill alipofariki mwaka 2018 akiwa na miaka 97. Pat alimfuata mwaka 2021, akiwa na miaka 94.

Hawakufunga ndoa upya, na sisi dini yetu ingewataka nikaha mpya kwanza. Lakini tazama maana yake. Familia ile ile ambayo televisheni iliionyesha ikivunjika, ilikuja kupata utulivu wa miaka mingi uzeeni, na hakuna kamera iliyouunda. Waliunganishwa na mtoto aliyewaonea huruma, na wenyewe walikuwa wanajuana kasoro zote tangu zamani, hakuna cha kufichana.

Nyinyi wanafunzi na vijana mnaosoma makala haya, mkiviona vipindi hivi msiishie kwenye kucheka au kulaani. Mtazameni baba aliyefiwa anayekula peke yake, au mama anayesema hana haja ya mtu kwa sababu anaona haya kwenu. Muulizeni kwa adabu, faragha, bila kumshinikiza. Akisema hataki, ni haki yake, na mzidishieni ziara. Akinyamaza kidogo kisha akatabasamu, mtafuteni Khawla wa mtaa wenu.

Wabillahi tawfiq.